Tuhesabu Miti Iliyo Hai: Kamera ya Angani na Utepe wa Ardhini

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanza kunyesha katika uwanda wa kati wa nchi yetu, habari za upandaji miti husikika kila mahali. Viongozi hushika majembe, wanafunzi hujipanga kwa mistari, na jioni tangazo hutolewa kwamba miche elfu kadhaa imepandwa. Ni jambo jema, wala makala haya hayakusudii kulibeza. Hata hivyo, mtu aliyezoea kazi ya sayansi hana budi kuuliza swali moja ambalo ni nadra kulisikia likijibiwa: baada ya miaka mitatu, ni mingapi kati ya miche hiyo imekuwa miti?

Swali hili lina uzito zaidi Dodoma kuliko katika mikoa mingi. Mji wenyewe umesimama kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka ni milimita 550 hadi 600 tu, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyosalia ni ya jua, upepo na vumbi. Mche uliotiwa ardhini mwezi wa Januari hauna budi kuuvuka ukame huo mrefu kabla haujaionja mvua ya pili, na njiani unangojewa na mbuzi, mchwa na moto.

Juhudi za kuirudishia Dodoma miti yake si za jana. Mwaka 1973, mwaka uleule uliofanywa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 huko Kondoa, mahali ambapo makorongo yalikuwa yameila ardhi hadi mfupani. Mwishoni mwa mwaka 2017 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani. Aidha, halmashauri za nchi nzima zimepata kuagizwa zipande, kila moja, miti isiyopungua 1,500,000 kwa mwaka. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya miti tunayo, na jasho tumelitoa. Daftari ndilo lenye kasoro, kwa sababu limeandikwa upande mmoja tu, upande wa kupanda.

Siku hizi kimepatikana chombo kinachoweza kutusaidia kuujaza upande wa pili. Chombo hicho ni ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo watu wengi huiita ndege nyuki au droni, ikibeba kamera. Maoni yangu ni kwamba chombo hiki chafaa sana kwa uwanda wetu wa kati, na kwamba shule, vyuo na vijiji visiachwe nyuma katika kukitumia. Lakini nashikilia pia kwamba picha ya angani pasipo utepe wa kupimia ardhini si kipimo. Ni picha tu. Nitaeleza sababu za maoni yote mawili.

KAMERA HUPIMAJE MTI?

Ndugu msomaji, nyoosha mkono mbele ya uso wako na uinue kidole gumba. Fumba jicho la kushoto ukitazame kidole kwa jicho la kulia. Kisha fumba la kulia na ufumbue la kushoto. Kidole chaonekana kuruka kando, ilhali ukuta ulio mbali nyuma yake hausogei. Kadiri kitu kilivyo karibu na macho, ndivyo kinavyoruka zaidi. Kwa njia hiyo ubongo hutambua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

Ndege nyuki hufanya vivyo hivyo kwa jicho moja linalosafiri. Hupita juu ya msitu kwa mistari iliyopangwa, ikipiga picha kwa mfululizo, na kila picha hufunika asilimia 80 hivi ya eneo lililomo katika picha iliyotangulia. Hivyo kila mti huonekana katika picha nyingi, kila moja ikiwa imepigwa kutoka mahali tofauti kidogo. Kilele cha mti mrefu, kwa kuwa ki karibu zaidi na kamera kuliko ardhi, huruka zaidi kutoka picha hadi picha. Programu ya kompyuta hutafuta alama zinazofanana katika picha hizo, ikapima mruko wa kila alama, ikakokotoa mahali ilipo kwa urefu, upana na kimo. Zao lake ni wingu la mamilioni ya nukta, ambalo ukilizungusha katika kioo cha kompyuta waliona kama msitu uliochongwa. Kisha kompyuta hutengeneza nyuso mbili, ule unaopita juu ya vilele na ule unaofuata ardhi. Toa wa pili kutoka wa kwanza, nawe umepata kimo cha kila mti.

Elimu hii huitwa fotogrametria, nayo si mpya. Mfaransa Aimé Laussedat alikuwa akipima ardhi kwa picha tangu miaka ya 1850. Ramani za kipimo cha 1:50,000 ambazo walimu wa jiografia huzitumia darasani zilichorwa kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka katika ndege. Kilicho kipya ni kwamba kazi iliyohitaji ndege kubwa, rubani na chumba cha mitambo, sasa hufanywa na mtu aliyebeba ndege yake mgongoni.

Tofauti na setilaiti nayo yafaa ielezwe. Setilaiti za Landsat huigawa ardhi katika miraba ya mita 30 kwa 30, yaani kila nukta ya picha ni mita za mraba 900. Zile za Sentinel-2 hufikia mita 10. Katika mraba kama huo mbuyu mmoja, vichaka viwili na mchanga mtupu huchanganywa vikawa rangi moja. Kamera ya kawaida ya ndege nyuki, ikiwa mita 100 kutoka ardhini, huonyesha nukta za sentimita 3 hivi. Hapo hatuoni tena msitu kwa jumla. Twauona mti mmojammoja. Kwa nchi ya miti iliyotawanyika kama Ugogo, ambako mgunga mmoja huweza kusimama peke yake katikati ya shamba la mtama, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mti utahesabiwa au utasahauliwa.

MITI AMBAYO DAFTARI HALIIJUI

Faida kubwa ya kutazama kutoka juu ni kwamba kamera haiulizi nani aliupanda mti. Huuhesabu ule uliopo.

Nchini Niger, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alianza mwaka 1983 kuwahimiza wakulima wasing'oe machipukizi yanayoota kwenye visiki vya zamani mashambani mwao, bali wachague machache yaliyo imara, wayapogoe na kuyatunza. Hapakuwa na kitalu, wala sherehe ya kupanda, wala takwimu za miche. Miaka mingi baadaye mwanajiografia Mmarekani Gray Tappan na wenzake walipolinganisha picha za kale za angani na picha mpya za setilaiti, na kwenda kuhakikisha kwa miguu, waligundua kwamba miti ilikuwa imerudi katika yapata hekta milioni 5. Daftari la miche iliyopandwa lisingeonyesha hata mti mmoja kati ya hiyo.

Mbinu hiyohiyo imefika Dodoma kwa jina la Kisiki Hai, ikienezwa na taasisi ya LEAD Foundation ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi. Jina lenyewe laeleza maana. Chini ya mashamba mengi ya uwanda huu imo mizizi hai ya miti iliyokatwa zamani, yenye nguvu ya kuchipua upya. Mizizi hiyo imekwisha kuyafikia maji, kwa hiyo chipukizi lake hustahimili kiangazi kuliko mche mchanga. Ikiwa tutaendelea kupima mafanikio kwa idadi ya miche tu, mkulima anayetunza visiki vyake huko Chamwino au Mpwapwa ataonekana hajafanya lolote, na aliyepanda miche mia iliyokauka yote kabla ya Septemba ataonekana shujaa.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba hesabu kamili yawezekana. Mwaka 2023 Maurice Mugabowindekwe wa Rwanda na wenzake walitangaza matokeo ya kuhesabu miti ya nchi yao yote, mmojammoja, kutoka katika picha za angani zilizopigwa mwaka 2008. Waligundua kwamba asilimia 72 ya miti hiyo imo katika mashamba na mbuga za nyasi, si katika misitu. Mwaka huohuo kundi lingine la watafiti lilitangaza hesabu ya miti bilioni 9.9 katika maeneo makavu ya Afrika yaliyo kusini ya Sahara, kwa kutumia picha za setilaiti zenye nukta za nusu mita. Lakini hesabu hiyo ilikomea kaskazini ya ikweta. Dodoma iko nyuzi 6 kusini. Kazi yetu yatungoja sisi wenyewe.

YALE AMBAYO KAMERA HAIYAONI

Baada ya kusifu, yafaa tuseme kweli kuhusu udhaifu wa chombo chenyewe.

Kwanza, kamera haioni kilichofunikwa. Katika vichaka vizito vya Itigi, wilayani Manyoni, mashina husongamana hata mtu hawezi kupita. Picha huonyesha zulia la majani, na ardhi haionekani. Pasipo ardhi hakuna kimo, kwa maana kimo ni tofauti ya nyuso mbili. Katika misitu iliyo wazi tatizo hili ni dogo zaidi, lakini huja tatizo jingine. Wakati wa kiangazi miti mingi ya uwanda wetu hupukutisha majani, na vijitawi vitupu ni vyembamba mno kwa programu kuvilinganisha kutoka picha hadi picha. Mti huonekana mfupi kuliko ulivyo. Yashauriwa basi kuruka mara mbili: kiangazi, ili kuipata sura ya ardhi, na masika, ili kuipata sura ya miavuli ya majani. Upepo wa Dodoma nao ni adui, kwa sababu tawi linalocheza halibaki mahali pamoja kati ya picha mbili. Asubuhi na mapema ndio wakati mwema.

Pili, programu nyingi za kutenganisha miti zilibuniwa kwa misitu ya nchi za baridi, ambako misonobari ina vilele vilivyochongoka. Kila kilele, mti mmoja. Mgunga wetu hauna kilele; una paa tambarare lenye mabonde na vilima vidogo. Programu iliyofundishwa misonobari yaweza kuugawa mgunga mmoja ikauhesabu kuwa mitano, na migunga mitatu iliyoshikana matawi ikaihesabu kuwa mmoja. Makosa yote mawili huandikwa na kompyuta kwa uhakika uleule, pasipo haya.

Tatu, chipukizi la kisiki lenye urefu wa goti halitofautiani na nyasi katika picha. Mche wa mwaka wa kwanza ni vivyo hivyo. Anayesema kwamba ataihesabu miche ya mwezi uliopita kwa ndege nyuki anaahidi asichokiweza.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, kamera hupima umbo, haipimi uzito. Tukitaka kujua mti una kuni kiasi gani au umehifadhi kaboni kiasi gani, twahitaji uzito wake mkavu. Uzito huo hukadiriwa kwa kanuni zilizopatikana kwa kazi ngumu ya kukata miti na kuipima kwenye mizani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao walichapisha kanuni za miti ya miombo ya Tanzania, baada ya kupima miti 167 kwa njia hiyo. Katika kanuni za namna hii uzito hukua kwa kipenyo cha shina kilichopandishwa kwenye kipeo cha 2.5 hivi. Maana yake ni kwamba kipenyo kikiongezeka mara mbili, uzito huongezeka zaidi ya mara tano. Na ukikosea kipenyo kwa asilimia 10, utakuwa umeukosea uzito kwa zaidi ya robo nzima. Sasa fikiri: kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, chini ya mwavuli wa majani, mahali ambapo kamera ya angani haifiki. Hukisiwa tu kutokana na kimo cha mti na upana wa mwavuli wake.

Mbuyu watosha kuwa fundisho. Kwa umbo hakuna mti wa Dodoma unaoupita. Lakini ubao wake ni laini na umejaa maji, na mibuyu mingi mizee ina uwazi ndani ya shina. Kanuni ya miombo ikitumiwa juu ya mbuyu itatoa uzito wa kushangaza ambao haupo. Kamera itakuwa imeuona mbuyu vizuri kabisa, na hesabu itakuwa uongo mtupu. Anayeweza kutuokoa hapo ni mtu aliye chini, anayeujua mti kwa jina, ambaye ameugonga shina akausikia ukiitika kama ngoma.

FUNZO LA KONGWA

Hatari ya kuiamini picha ya juu kuliko ardhi ya chini tumekwisha kuiona katika mkoa huuhuu. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki na Kati. Ujumbe huo ulifanya kazi kwa majuma machache tu, ukitumia ndege kukagua maeneo makubwa, kisha ukapendekeza kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947.

Yaliyofuata yanajulikana. Vichaka vilivyoonekana vyepesi vilikuwa na mizizi iliyovunja matrekta. Udongo wenye mfinyanzi uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, karanga zikashindikana kung'olewa. Mvua hazikuja kama zilivyotarajiwa, kwa kuwa kumbukumbu za mvua za miaka mingi hazikuwapo za kutosha. Mpango ukaachwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 36. Wagogo walioishi hapo vizazi na vizazi walijua vema tabia ya udongo ule na ukaidi wa mvua zile.

Sisemi kwamba ndege ndiyo iliyouangusha mpango wa karanga. Haraka, kiburi na siasa za wakati ule zilichangia zaidi. Nasema kwamba kutoka juu Kongwa ilionekana ardhi tupu inayongoja mashine, na kwamba vipimo vya ardhini, vya udongo, mizizi na mvua, ndivyo vilivyokosekana. Chombo cha leo ni bora mara nyingi kuliko jicho la abiria wa mwaka 1946, lakini kishawishi ni kilekile.

UTEPE HUISAHIHISHA KAMERA

Je, twawezaje kuviunganisha vyombo hivi viwili? Njia ni rahisi, na mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifuata.

Tuchukulie mfano. Ndege nyuki imepiga picha za msitu wa kijiji na kompyuta imehesabu miti 3,100. Ndani ya msitu huo tunachagua viunga kumi kwa kura, kila kimoja mita 20 kwa 20. Tusivichague kwa macho, kwa maana macho hupenda penye kivuli na njia. Wanafunzi waingia katika viunga hivyo kwa miguu na kuhesabu kila mti. Wanapata jumla ya miti 80. Katika viunga hivyohivyo kompyuta ilikuwa imehesabu 62. Hivyo kwa kila miti 62 iliyoonekana angani, ardhini imo 80. Tukizidisha 3,100 kwa 80 na kugawanya kwa 62, twapata 4,000. Hiyo ndiyo hesabu yetu iliyosahihishwa. Viunga vikiongezwa, shaka hupungua. Vikipungua, shaka huongezeka, na mwanasayansi mwaminifu huitaja shaka hiyo pamoja na jibu lake.

Taona kwamba pasipo kamera wanafunzi wangalijua viunga kumi tu, yaani eneo lisilofika nusu hekta. Na pasipo wanafunzi kamera ingaliipunja miti 900.

Hata hesabu kuu ya misitu ya taifa letu ilisimama juu ya msingi huu wa miguu na utepe. Upimaji uliofanywa kwa msaada wa Ufini na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, uliojulikana kwa jina la NAFORMA, ulianza mwaka 2009 ukatangaza matokeo yake mwaka 2015. Watu walivifikia maelfu ya viunga nchi nzima, na kwa kazi hiyo ikajulikana kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu. Kazi kama hiyo haiwezi kurudiwa kila mwaka kwa ajili ya kila kijiji. Hapo ndipo ndege nyuki inapostahili nafasi yake: kuziba pengo la miaka na la maeneo kati ya hesabu kuu moja na nyingine.

HESABU NI MALI YA NANI?

Lipo jambo jingine ambalo wataalamu hatulisemi vya kutosha. Hesabu ya miti siku hizi ni fedha. Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni za kusimamia biashara ya kaboni, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe na majirani zao wamekwisha kupokea malipo kwa kuuhifadhi msitu wao. Malipo ya namna hiyo hutegemea vipimo. Anayeshika kipimo hushika mizani, na aliye upande wa pili wa mizani asiyejua kuisoma hupokea anachopewa.

Uwanda wetu wa kati una historia ya heshima katika jambo hili. Msitu wa Mgori, mkoani Singida, ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kukabidhiwa wanavijiji wenyewe waulinde, katikati ya miaka ya 1990, kabla ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kuutambua msitu wa kijiji nchi nzima. Wanavijiji walioaminiwa kuulinda msitu waaminiwe pia kuupima. Isiwe kwamba mgeni huja na ndege yake, huruka asubuhi mbili, huondoka na picha zote, na kijiji hubaki na kumbukumbu ya mlio tu. Napendekeza kwamba popote ndege nyuki inaporuka juu ya msitu wa kijiji, mkutano wa kijiji uelezwe kwanza, nakala ya picha na hesabu ibaki katika ofisi ya kijiji na katika shule ya sekondari iliyo karibu, na vijana wa mahali hapo washiriki kupima viunga. Kamera huona pia nyua, mifugo na mashamba ya watu; heshima yataka waombwe ruhusa.

Wako watakaosema kwamba chombo hiki ni ghali, na kwamba shule isiyo na maabara haiwezi kuota ndege. Hoja hiyo ni ya haki. Aidha, ndege nyuki hairushwi ovyo: ni lazima isajiliwe na kuombewa kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na katika mji wa makao makuu ya nchi masharti hayana budi kuwa makali. Kwa sababu hizo sipendekezi kila shule iwe na ndege yake. Chombo kimoja na fundi mmoja katika chuo au ofisi ya mkoa vyaweza kuzihudumia shule nyingi. Zanzibar ilionyesha njia: mradi wa kuchora ramani ya Unguja na Pemba kwa ndege nyuki, ulioanza mwaka 2016 na kushirikisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, ulitumia vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waliofundishwa kuzirusha. Vijana wa Dodoma hawapungukiwi na kitu.

KAZI YA SHULE

Walimu wa hisabati, jiografia na biolojia hawana haja ya kungoja ndege. Kazi ianze msimu huu kwa vifaa vilivyopo.

Kipimapembe cha plastiki, uzi na jiwe dogo vyatosha kupima kimo. Simama mita 15 kutoka kwenye shina, ukilenga kilele. Ikiwa pembe ni nyuzi 35, tanjenti yake ni 0.70, zidisha kwa 15 upate 10.5, ongeza kimo cha jicho lako, tuseme mita 1.5, mti una mita 12. Utepe wa fundi cherehani wapima mzingo wa shina. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Simu yenye kamera, ikizungushwa polepole kuuzunguka mbuyu mmoja huku ikipiga picha zinazofunikana, yatosha kutengeneza umbo la mti huo katika kompyuta, kwa kanuni ileile ya kidole gumba. Shule ikiandika vipimo vya miti hamsini kila mwaka katika daftari moja, mahali palepale na mwezi uleule, baada ya miaka mitano itakuwa na hazina ambayo ndege yoyote itakapokuja italazimika kuisoma kwanza.

Nazo halmashauri na wizara nawaomba wabadili jambo moja tu katika taarifa zao. Karibu na safu ya miche iliyopandwa, iongezwe safu ya miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, pamoja na ile iliyochipua kwenye visiki, ikiwa imehesabiwa kwa kamera na kusahihishwa kwa utepe. Mwaka wa kwanza tarakimu za safu hiyo huenda zikatutahayarisha. Lakini mkulima hujua shamba lake kwa gunia analovuna, hahesabu mbegu alizofukia. Safu hiyo itatuambia ni aina zipi za miti zinazouvuka ukame wa Dodoma, ni udongo upi unaozikataa, na ni mkulima yupi, asiyejulikana na mtu, ambaye visiki vyake vimekwisha kuwa msitu.